Vifungo Juu ya Kastabini

Kati ya mwaka 2015 na 2019 hapakuwa na fundi wa Kitanzania kule Rosettenville, kusini mwa Johannesburg, aliyekata suti kunizidi. Nasema hivyo bila kuona haya kwa sababu sikupewa na mtu. Nilifika mji ule nikiwa na mkasi na viatu nilivyovaa. Mchana nilifagia ofisi za watu, jioni nikakaa darasani na vijana wa mjini waliokicheka Kiingereza changu, na nilipotoka pale nilitoka na diploma ya ushonaji, wakati wengi wa wale waliocheka waliishia njiani. Leo nina karakana yangu hapa Kigoma, ina lango la chuma na jenereta, na sare za shule unazoziona barabarani asubuhi nyingi zimetoka mikononi mwangu.

Watu wakiniuliza habari za Johannesburg wanataka kusikia majengo marefu na bei za magari. Mimi nikiukumbuka mji ule naikumbuka meza ya kukatia nguo, na juu yake pasi, mkasi, kastabini, na mtu anayepanga vifungo.

Meza ilikuwa ya mzee mmoja kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa letu hili. Alikuwa amekodi gereji ya mjane wa Kireno, na mahali pa gari tukaweka vyerehani. Yeye alileta wateja, mimi nikaleta diploma, ambayo niliitundika juu ya mlango siku ya kwanza. Aliitazama akasema, "Vizuri, mwana. Sasa hata mvua ikivuja hapo itajua inamlowesha msomi." Nikamwita baba tangu siku hiyo.

Mzee alijulikana kwa nguo za matanga. Wakongo wakifiwa huchagua kikwembe kimoja, kitenge kama tunavyosema sisi, ndugu wote hununua kitambaa hicho hicho, na hushonewa haraka ili wakae msibani wamevaa sawa. Watu walisema kwa mzee nguo za matanga hutoka kabla ya jeneza. Na kila alipoanza kazi kama hiyo, kabla ya kukata vazi la kwanza, alikata ukanda wenye upana wa kiganja, akauviringisha, akaufunga kwa uzi na kuutia ndani ya kopo la biskuti lililokaa rafu ya juu, nyuma ya mabunda ya nyuzi.

Nilimuuliza ni wa nini.

"Wa atakayechelewa," alisema.

Ugenini kila msiba una mtu anayechelewa. Mmoja yuko mpakani, mwingine bosi wake amemnyima ruhusa, mwingine amekamatwa hana karatasi. Mtu huyo akija baadaye kutaka nguo ya msiba wake, fundi huuchukua ule ukanda na kuzunguka nao kwa wauza vitambaa hadi apate kinachofanana nao. Ila mzee alikuwa na sharti lake, alilorithi kwa mafundi wa kwao, na alilishika kama sheria. Aliyechelewa lazima aje mwenyewe, pamoja na ndugu, aombe. Fundi hasemi lolote kabla ya hapo. Kumpelekea mtu kitambaa cha msiba bila yeye kukiomba, alisema, ni kumwitia kifo kingine nyumbani kwake. Chuoni sikufundishwa hivyo, lakini kopo lilikuwa lake na sikubishana naye.

Sasa habari ya wanawake.

Miaka mingi kabla sijafika, wanawake wa Kikongo walinyongwa kule Hillbrow, mmoja baada ya mwingine. Wote walikuwa wasusi, watu wa kurudi nyumbani na kiti cha plastiki mkono mmoja na mfuko wa nywele za bandia mkono mwingine. Katika majengo yale marefu lifti zilikuwa zimekufa zamani, mtu alipanda kwa miguu gizani, na ni huko kwenye ngazi walikokutwa. Wa kwanza alikuwa ameketishwa, uso umegeuziwa ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Mmoja alikuwa amevunjwa vidole vya mikono yote miwili, kwa sababu alipigana. Mwingine alikuwa amepasuliwa kichwa kwa kiti chake mwenyewe kwanza. Shingoni kila mmoja alikuwa na ukanda wa kikwembe, upana wa kiganja, fundo nyuma. Polisi walipiga picha, wakaenda na zile kanda, na hadi ninapoandika hakuna aliyeshtakiwa. Wakongo walimwita muuaji Mtu wa Ngazi.

Wa mwisho kufa alikuwa dada wa mteja wetu mmoja.

Mteja huyo alikuwa mlinzi wa duka huko huko Hillbrow, mtu wa Uvira, mrefu, mwenye mikono ambayo haikutulia. Kiunoni alining'iniza kiboko cha plastiki kama walinzi wote wa kule. Nilimwita Afande, naye aliniita Bwana Diploma, akidhani ananitania. Dada yake alipouawa, yeye alikuwa kizuizini, kakamatwa bila karatasi. Alipotoka, dada alikuwa amezikwa na mikeka ya matanga imekunjwa. Akaapa kwamba hataomboleza mpaka amjue aliyefanya vile. Alichobaki nacho ni picha moja aliyopewa na jirani: wanawake wameketi mikekani, wote wamevaa kikwembe cha manjano chenye feni za kijani. Alitembea nayo ndani ya shati. Aliniomba nimshonee mfuko wa ndani, upande wa moyo, kwa ajili ya picha hiyo tu, na nikamshonea mfuko ambao hata mwizi wa stesheni asingeuona.

Siku zake za mapumziko alikuja kwenye gereji yetu, akaketi mbele ya meza, akachukua mtungi wa vifungo na kuanza kuwapima washukiwa. Pasi ilikuwa msimamizi wa jengo alimouawa dada yake, mtu aliyekuwa na funguo za milango yote. Mkasi ulikuwa dereva wa teksi aliyewatongoza wawili kati ya marehemu. Kila ushahidi ulikuwa kifungo kimoja, na kilisukumwa upande wa mshukiwa wake.

"Hiki ni cha funguo," alisema, akikipeleka kwenye pasi. "Lifti ikikufa, nani anajua iko giza ngazi ya ngapi? Ni yeye."

"Hicho kibaki," nilisema.

"Na hiki, alikuwa anapiga wanawake."

"Alikuwa anapiga kila mtu. Kitoe."

"Nakitoa namna gani?"

"Mtu anayepiga watu hadharani, mchana, mbele ya wake zao, haendi kujificha kwenye ngazi. Hicho hakina uzito. Kitoe, Afande."

"Bwana Diploma, unanipunguzia vifungo kama vile ulinunua wewe."

Mzee aliongea bila kuinua uso kutoka kwenye mshono. "Vifungo hivyo viko vya watu. Kesho mwenye koti atakuja, nitamwambia nini? Koti lako liko tayari, limebaki kufungwa na washukiwa?"

Tulicheka. Lakini haikuwa michezo, na mimi nilijua. Jioni moja Afande alikuja na damu kwenye kola. Alikuwa amemfuata yule dereva hadi kituo cha teksi, akamuuliza swali moja, hakuridhika na jibu, akamvunja taya. Aliniomba niitoe ile damu kabla ya zamu yake. Damu hutolewa kwa maji baridi na chumvi ingali mbichi, na niliitoa, huku yeye amekaa kifua wazi anakipeleka kifungo kingine kwenye mkasi.

"Cha nini hicho?" nilimuuliza.

"Hakulia. Mtu asiye na kosa angelia."

"Umemvunja taya. Angelia na nini?"

Akafikiri, akakirudisha kwenye mtungi. Ndivyo alivyokuwa. Ukimwonyesha sababu, aliifuata. Wengi wa waliodharau akili yake hawakuwahi kuketi naye.

Msimamizi wa jengo alikuwa amekwisha kufa, kachomwa kisu na mpangaji. Dereva, baada ya taya kupona, alihama mji. Nadhani hilo ndilo lililomtesa Afande. Pasi na mkasi vilikuwa na vifungo vingi, lakini hakukuwa na mtu wa kumshika shingo.

Siku moja mzee alikwenda kununua bitana ya makoti. Kastabini yake, ile kofia ndogo ya shaba ambayo fundi huvaa kidoleni asichomwe na sindano, ilibaki mezani. Afande aliiinua, akaisimamisha katikati ya meza, akaweka kifungo juu yake. Kikatulia.

"Nani huyo?" niliuliza.

"Unamujua."

"Acha ujinga."

"Alikaa jengo lile lile. Aliwajua wote, aliwashonea." Kifungo kingine. "Dada yangu alikufa, yeye akafunga mashine zake akakimbilia huku." Kingine. "Na ile mikanda. Mutu wa kawaida anachana kikwembe, kinaenda upande. Ile ilikatwa nyoofu, kila mutu aliyeiona alisema."

"Kila mwanamke wa kwenu anakata kikwembe cha kubebea mtoto. Na huyu mzee hawezi hata kufungua chupa ya soda."

"Leo," alisema Afande. "Siku ile je?"

Mzee alirudi wakati hatujabomoa chochote. Alisimama na bitana yake begani, akaitazama kastabini yake na vifungo vilivyorundikwa juu na kando yake. Alikuwa ameketi na mchezo ule miezi mingi, na alijua unavyosomwa. Akainyanyua, vifungo vikamwagika sakafuni, akaivaa, akaketi, akaanza kushona. Nilimwangalia mkono. Sindano ilikuwa ikipita kwenye kitambaa na kutoka, lakini haikuwa na uzi.

Siku zilizofuata nilimpima mwenyewe, kimya kimya, kama nilivyowapima wale wengine. Kuhama Hillbrow hakukuwa na uzito, kwa sababu mwaka ule kila mwenye nauli alihama. Kuwajua marehemu hakukuwa na uzito, kwa sababu aliwajua Wakongo wote. Kilichobaki ni ule unyoofu wa mkato, na huo ulinikera, kwa sababu niliufahamu mkono wake na kopo lake. Sikulala vizuri. Hata hivyo niliendelea kula naye sahani moja kila mchana.

Kisha ikaja siku ya moto.

Asubuhi habari zilisambaa kwamba makundi yenye marungu yanachoma maduka ya wageni na yanakuja upande wetu. Moshi ulionekana juu ya paa. Duka dogo la Wasomali kwenye kona, spaza kama wanavyoliita kule, lilikuwa limevunjwa mlango, na mwenyewe alipita mbio mbele yetu na shavu lililochanika mpaka meno yakaonekana. Wanaume wa Kikongo wa mitaa ya jirani walikusanyika uani kwetu na mabomba ya chuma na nyundo, kwa sababu mimi peke yangu pale nilikuwa na pikapu. Nilikuwa nimeinunua taslimu, kwa jasho langu, na siku ile kila mtu alikumbuka kwamba sisi ni ndugu. Tukaanza kupakia mashine.

Afande alikuwa wa kwanza kufika. Alikuja kumsaidia mzee, hilo lazima niliandike. Alibeba vyerehani viwili peke yake. Alirudi kubomoa rafu ya nyuzi, akaivuta kwa nguvu, na kopo la biskuti likaanguka.

Kifuniko kiliruka. Zile kanda zilitoka, zikabingirika sakafuni, nyekundu, buluu, zambarau, baadhi zikajikunjua zenyewe hadi miguuni pake.

Alisimama. Akainama, akaokota mmoja, akaufungua, akauzungushia ngumi yake kupima upana. Kisha akauvuta kwa mikono miwili, pwa.

"Mzee," alisema polepole, "hizi ni nini?"

Mimi nilikuwa mlangoni na kichwa cha mashine mikononi. Mzee alikuwa karibu naye kiasi cha kugusana. Nilimwona akizitazama kanda, kisha akimtazama yule mtu mbele yake, ndugu aliyechelewa kuliko wote, ambaye hajawahi kuomba. Angeweza kusema neno moja. Badala yake alisema, "Haziulizwi hivyo."

Afande alipiga ukelele ambao sijausikia tena. "Mtu wa Ngazi! Ni huyu! Ametunza zote! Tazameni, tazameni, ni nyingi kuliko tuliowazika!"

Wale uani walikuwa wamesimama tangu asubuhi na vyuma mikononi, wakingoja kupigwa. Hofu yao ilikuwa imepata mtu. Walimburuta mzee kwa miguu, kichwa kikigonga kizingiti, wakamtupa kwenye saruji. Kiboko cha Afande kilipasua shati lake mgongoni mara ya kwanza, ngozi mara ya pili. Mzee alinyanyua mkono kufunika uso, na mtu mmoja akaushusha mkono ule kwa bomba. Nilisikia vidole. Mwingine aliokota ukanda, akamzungushia shingoni, akaweka goti mgongoni akavuta. Ulimi wa mzee ulitoka. Mjane wa Kireno alifungua dirisha, akaona, akalifunga. Na upande wa lango nikamwona mtu amepiga magoti nyuma ya pikapu yangu, anafungua tairi la akiba. Mwenzake alikuwa ameshika dumu la petroli. Mtu aliyeishi Johannesburg haulizi tairi na petroli ni vya kazi gani.

Niliingia katikati. Nilipigwa begani, mkono wa kushoto ukafa ganzi, nikasukumwa nje ya duara. Kwa kupigana nisingeshinda wote wale, na akili iliyonitoa kufagia ofisi haikuniacha siku ile. Nilikimbia kurudi ndani ya gereji, nikajitupa sakafuni kati ya zile kanda, nikazifungua moja moja kwa meno na mkono mmoja. Nyekundu. Buluu yenye ndege. Kijani tupu. Nje nilisikia mluzi unaotoka kooni mwa mtu anayenyongwa. Zambarau. Kisha manjano, na juu yake feni za kijani.

Nilitoka nao, nikasimama mbele ya Afande.

"Toa picha!"

"Ondoka, Bwana Diploma. Tairi litawatosha wawili."

"Toa ile picha!"

Aliinua kiboko. Lakini ule mfuko niliushona mimi, na nilijua unapochanika. Nilishika shati lake upande wa moyo nikavuta kwenda chini, mshono ukaachia, picha ikaanguka mkononi mwangu. Nikaiweka karibu na ukanda, mbele ya macho yake, karibu kiasi kwamba hakuweza kutazama kingine.

"Hizi feni ni zipi?"

Jicho lake lilikwenda kwenye ukanda, likarudi kwenye picha.

"Hawa wameketi msiba wa nani?"

"Dada yangu."

"Kitambaa hiki kilinunuliwa lini? Yeye yuko hai, au ameshakufa?"

Kiboko kilikuwa bado juu. "Ameshakufa."

"Basi muuaji angemnyonga vipi na kitambaa ambacho hakijanunuliwa? Hizi ni kanda za matanga, zote! Fundi anamwekea mtu atakayechelewa. Anamngoja aje aombe. Huu wa feni amekuwekea miaka yote hii. Nani alichelewa, Afande? Kwenye msiba huu nani alichelewa?"

Alishusha mkono. Uso wake ulilegea kama nguo iliyotolewa kwenye henga. "Ni mimi," alisema.

Kisha akageuka na kuwaambia wale watu, "Muacheni."

Aliisema kwa sauti ndogo, ya mtu anayeongea na nafsi yake, na hakuna aliyesikia. Alikuwa amewapa neno moja tu, na hilo walikwisha kulimeza. Tairi lilikuwa linakuja, linabingirishwa. Akasema tena, kwa nguvu, "Muacheni! Nilikosea! Siye!" Mtu aliyekuwa anavuta ukanda akamjibu bila kugeuka, "Sasa siye? Tumefika hapa, sasa siye?"

Afande alimpiga kiboko usoni. Sijaona mtu akipigwa namna ile. Alimchana kutoka sikio hadi mdomo, akamng'oa mgongoni mwa mzee kwa nywele, akasimama juu ya mzee, mguu huku na mguu huku, na kila aliyekaribia alipata chake. Alimvunja mmoja mkono. Aliyebeba dumu alichapwa magotini akaanguka nalo, petroli ikammwagikia yeye mwenyewe, akakimbia akilia mama yake. Walimgeukia. "Wewe ndiwe uliyetuita!" walipiga kelele, na bomba likamkuta kwenye jicho la kushoto. Alipiga goti moja. Hakuondoka juu ya mzee.

Ndipo mtu alipopiga kelele kutoka barabarani, "Banafika! Bako kwenye roboti!" Wale waliochoma maduka walikuwa wamefika kwenye taa za barabarani, mtaa wa chini. Kufumba na kufumbua ua ulikuwa mtupu, kila mtu ameenda kuokoa cha kwake. Nilishusha mashine moja kupata nafasi, nikamlaza mzee nyuma, Afande akapanda akamshika kichwa, damu ya jicho lake ikimdondokea mzee kifuani. Niliendesha kwa mkono mmoja. Jiwe lilivunja kioo cha mbele, lingine likampata Afande mgongoni, na hakuinua hata mkono kujikinga kwa sababu yote miwili ilikuwa imeshika kile kichwa.

Mzee hakufa. Sauti yake ilibaki ya mkwaruzo, na vidole vitatu vya mkono wa kulia viliunga vibaya, vimepinda kama vijiko vya zamani. Kastabini haikuingia tena kwenye kidole chake, akanipa mimi. Afande alipoteza jicho. Polisi walipomuuliza mzee nani alimpiga, alijibu, "Watu," nao wakaandika hivyo hivyo.

Kuhusu Mtu wa Ngazi, nimepima miaka yote na nina uhakika na mizani yangu kuliko ya wengi waliolipwa kupima. Mimi uzito nauweka kwenye pasi, yaani yule msimamizi. Kabla ya kufa aliwahi kuwa na duka la magodoro na mito, na mtu wa magodoro hukata kitambaa nyoofu siku nzima. Hilo nililisikia siku chache baada ya moto, kwa mpangaji wake wa zamani. Lakini uzito si hukumu. Nilimwambia Afande habari hiyo ya magodoro hospitalini, nikidhani itamfariji. Aligeukia ukutani, akaniachia ule upande wenye bandeji.

"Usinitajie mtu tena," alisema.

Alikuja kwenye gereji mchana mmoja, baada ya sisi kurudisha mashine zilizopona. Moto ulikuwa umelamba mlango, na kioo cha diploma yangu kilikuwa na ufa, ila karatasi ilikuwa salama. Alinikuta nje.

"Bwana Diploma, njoo usimame na mimi."

Tuliingia pamoja. Alivua kofia, akasimama mbele ya mzee kama mtoto mbele ya mwalimu.

"Nimechelewa," alisema. "Naomba kitambaa cha dada yangu."

Mzee alilitazama lile jicho lililobaki. "Umekuja na ndugu?"

"Nimekuja na huyu."

"Huyu iko Mtanzania."

"Ndiye niko naye."

Mzee alicheka, kicheko kikamkwama kwenye lile koo lililoumia, akakohoa mpaka machozi. "Haya. Ndugu yako ana diploma, hutapungukiwa. Mwana, mpe."

Nilizunguka na ule ukanda kwa wauza vitambaa wote wa mjini. Kikwembe chenye feni za kijani hakikuwepo tena, hakijachapishwa miaka mingi, na wauzaji wengine walikuwa hawajazaliwa kikazi kilipokuwepo. Kilichobaki duniani ni kile kilichokuwa ndani ya kopo. Hakitoshi shati, hakitoshi hata mkono wa shati. Mzee hakuweza kukata, kwa hiyo nilikata mimi. Nililifumua shati la kazi la Afande mbele, nikaushona ule ukanda kwa ndani, nyuma ya mstari wa vifungo, kutoka shingoni hadi kiunoni. Kwa nje ni shati la mlinzi. Ni kazi bora kuliko zote nilizofanya kule, na sina picha yake. Vifungo alivichagua mzee mwenyewe kutoka kwenye ule mtungi, akavisukuma mezani kimoja kimoja kwa vidole vyake vilivyopinda, na hakuna aliyeuliza vimewahi kukaa upande wa nani.

Afande alilivaa pale pale. Alianza kufunga kutoka chini, na kila alipofunga kimoja, manjano kidogo yalionekana kisha yakapotea. Alipofika shingoni mikono yake ilikataa. Alijaribu, kikamponyoka. Mzee akainuka kwenye kiti, akamsogelea, akainua mkono wa kulia amsaidie, vile vidole vikazunguka kifungo, vikakigusa, vikakikosa, vikakigusa tena. Afande aliinamisha kichwa ili apatikane vizuri. Walisimama hivyo muda mrefu, karibu kama watu wanaopigana, na mimi sikusogea, kwa sababu hakuna aliyeniita.

Kifungo cha kola hakikufungika. Afande alikwenda kazini nacho kikiwa wazi.